Wapagazi wa Kariakoo na Mafua ya Mwaka 1918



Juma hili naomba tulitafakari jina ambalo wengi wetu hulitamka tukienda sokoni: Kariakoo. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, lililogeuzwa na ndimi zetu. Hapo Dar es Salaam palikuwa kambi yao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Nairobi nako wana Kariokor yao.

Waingereza walichukua wapagazi wapatao milioni moja kwa vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa kulazimishwa. Hesabu rasmi ya waliokufa yazidi 90,000, na wanahistoria wengi huiona ndogo. Risasi iliwaua wachache tu. Wengine waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaula haujaiva. Watu wa Uganda, waliokuzwa kwa ndizi, matumbo yao hayakuustahimili. Afisa alikuwa na hema, chandarua na mpishi. Mpagazi alikuwa na mzigo wa kilo 25 hivi, na usiku alilala mvuani.

Je, ndivyo ilivyokuwa lazima iwe? Mwaka 1917 wamisionari wa Kiprotestanti huko Kenya, wakiongozwa na Dakta John Arthur, waliunda kikosi chao cha wapagazi Wakikuyu, wakasimamia wenyewe chakula na matibabu yao. Hao walikufa kwa kadiri ndogo sana kuliko wenzao. Hawakuwa Wakatoliki, lakini haki yao tuwape.

Kisha, mwezi Septemba 1918, mafua makali yaliyokuwa yakizunguka dunia yalifika Mombasa, yakaingia bara kwa njia za reli na za misafara, zile zile walizopita wapagazi. Tarehe 25 Novemba Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Askari na wapagazi wake Waafrika waliwekwa kambini Tabora, na humo mafua yakawafyeka wengi. Wajerumani waliopelekwa Dar es Salaam nao walizika wenzao. Ugonjwa ule haukumbagua mtu kwa rangi. Walakini mpagazi aliupokea akiwa amekwisha kudhoofika kwa miaka ya njaa na mizigo, tena amebanwa na wenzake mahali pamoja, bila ruhusa ya kwenda zake.

Walionusurika walirudi makwao, na njaa ikawapokea.

Mishahara ya marehemu wengi haikulipwa kamwe. Majina yalikuwa yameandikwa ovyo, na ndugu hawakupatikana. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa wapagazi hao, aliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. Serikali ya London ilikataa.