Kansa Sio Laana: Hizi Ndizo Vitu Huileta

Msee akipatikana na kansa kitaani, stori huanza: amerogwa, ni laana ya kwao. Zii! Kansa ni seli za mwili kuanza kugawanyika bila breki. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya kansa zinaweza kuzuiwa. Cheki hizi:

1. Fegi na shisha
Kansa ya mapafu, koo, mdomo hadi kibofu. Kenya ilipiga shisha marufuku 2017. Usidanganywe eti maji huchuja sumu ya moshi.

2. Pombe
Iwe kegi, chang'aa ama waini ya bei, inaongeza hatari ya kansa ya umio, ini na matiti. Ukichanganya na fegi, ni noma zaidi.

3. Chai ya kuchoma
Kinywaji cha zaidi ya nyuzi 65 kinashukiwa kuleta kansa ya umio. Wacha ipoe kiasi.

4. Virusi
HPV, inayosambaa kwa ngono, ndiyo iko nyuma ya karibu kansa zote za mlango wa uzazi. Tangu 2019 Kenya huchanja wasichana wa miaka 10, bure. Kama sistako bado, ambia mathee. Nayo homa ya ini aina ya B huleta kansa ya ini, na pia iko na chanjo.

5. Mahindi yenye ukungu
Sumu ya aflatoksini huharibu ini, na kuchemsha hakuimalizi. Ukiona ukungu, tupa.

6. Smokie na soseji
Nyama za viwandani ziliwekwa 2015 kwa orodha ya vitu vinavyoleta kansa ya utumbo. Smokie moja haitakumaliza. Shida ni kuzila kila siku.

Na familia je?
Kansa za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu. Kama mathee ama shosh alikuwa na ya matiti, ambia daktari mapema.

Kuna wenye hawajawahi gusa fegi na bado wanapata, kwa hivyo usimlaumu mgonjwa. Lakini ukiona uvimbe mpya, damu bila sababu, ama chakula kinakwama kooni, usianzie kwa mganga. Anzia hospitali. Kansa ikipatikana mapema, wengi hupona. Miezi unayopoteza ukitafuta aliyekuroga, yenyewe inazidi kusambaa.