Nani Awasake Maharamia wa Vitabu?

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakanigomea, nilipata kibarua katika duka la steshenari hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kutoa kopi, kuskani vyeti na kukata picha za pasipoti. Siku moja mteja alileta riwaya akitaka niiskani yote aitie kwenye simu. Niliiskani yote, nikalipwa, nikaenda kula chipsi mayai. Katika ukurasa wa 63 kidole gumba changu kilitokea, maana nilikuwa nimebana kitabu kisijifunge.

Miaka miwili baadaye nilipeleka muswada wangu kwa mchapishaji mmoja mdogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Kaa."

Muswada hakuufungua. Alitoa simu akanionyesha riwaya aliyoichapa yeye, ikigawiwa bure kwenye magrupu na kwenye tovuti moja ya ng'ambo. "Mauzo ya hii ndiyo yangelipa kiwanda kuchapa ya kwako," aliniambia. Nikapekua kurasa taratibu. Nilipofika ukurasa wa 63 nikakiona kidole changu!

Ulimi ulinikauka. Nilichoweza kusema ni kwamba nitamsaidia kuiondoa. Usiku ule nikaanza kusoma jinsi waliotutangulia walivyopambana na wizi huu, na nikakuta kwamba swali halijabadilika kwa karne nyingi: nani awasake maharamia, na kwa gharama ya nani?

Tuanzie London. Mwaka 1557 Malkia Mary alikipa hati chama cha wachapaji na wauza vitabu, Stationers' Company. Viongozi wake waliruhusiwa kuingia katika maduka na mitambo ya watu, kupekua, kunyakua vitabu vilivyochapwa bila idhini na kuvichoma moto. Kazi ilikuwa nyepesi kiasi, kwa kuwa mtambo wa kuchapa una makelele na haufichiki chini ya godoro. Lakini haki hiyo ilikuwa ya mwanachama aliyeandikisha kitabu. Mwandishi mwenyewe akishauza muswada wake, basi tena, hana chake.

Mwaka 1710, wakati wa Malkia Anne, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomtaja mwandishi kuwa mwenye haki, kwa miaka 14, na 14 mingine kama bado yu hai. Nakala za wizi zilitakiwa zikabidhiwe kwa mwenye kitabu ili aziharibu ziwe karatasi taka, na haramia alipe senti moja ya Kiingereza kwa kila karatasi. Safi kabisa! Ila tazama hapa: kumkamata haramia sasa kulimtaka mwenye mali aende mahakamani.

Charles Dickens alikwenda. Alitoa A Christmas Carol mwezi Desemba 1843, kwa bei ya shilingi tano. Januari 1844, kabla hata mwezi haujatimia, jarida moja la bei chee liliichapa likiwa limeifupisha na kuichakachua, likaiuza kwa senti mbili. Dickens akashtaki, akashinda. Washtakiwa wakatangaza wamefilisika, na mshindi akabaki na gharama za kesi zipatazo pauni 700. Alipoibiwa tena mwaka 1846 aliona afadhali anyamaze kuliko kurudi mahakamani. Huko Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani vitabu vya wageni vilichapwa wazi wazi bila kosa lolote. Alilalamika hadharani alipozuru nchi hiyo mwaka 1842, magazeti yakamshambulia. Marekani ilianza kuwalinda waandishi wa nje mwaka 1891, naye alikwisha kufa tangu 1870.

Kisha ikaja intaneti. Haramia hana tena mtambo wenye makelele. Ana simu mfukoni, na mali ya wizi ameihifadhi kwa kampuni ambayo yenyewe haijasoma hata ukurasa mmoja. Je, kampuni ile ni mwizi? Oktoba 1998 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kwa kifupi kama DMCA, yenye maafikiano ya aina yake. Kampuni haitatozwa fidia kwa vitu vilivyowekwa na wateja wake, mradi iwe na mtu maalumu wa kupokea malalamiko, na ikiandikiwa barua iondoe upesi. Kesi ya pauni 700 ikageuka barua ya ukurasa mmoja.

Lakini barua ni lazima ifike. Aprili 2000 mwandishi Harlan Ellison aligundua kwamba hadithi zake zimeskaniwa na kutiwa kwenye Usenet, mtandao wa zamani wa kubadilishana ujumbe na mafaili. Wakili wake aliiandikia kampuni ya AOL barua pepe. Kimya. Kumbe AOL ilikwisha badili anwani ya malalamiko tangu mwaka 1999, ikachelewa kuitangaza kwa msajili, wala haikupanga barua za anwani ya zamani zihamie kwenye mpya. Ellison akashtaki. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ilisema suala hilo linastahili kusikilizwa na baraza la mahakama, na mwaka huo huo pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Mzee wa watu alipigana miaka minne.

Na sisi huku? Kenya iliingia Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za waandishi mwaka 1993, Tanzania ikafuata 1994. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, iliyotuletea COSOTA. Kenya ilitunga yake 2001, na mwaka 2019 ikaongeza vifungu vya barua za kutaka nakala haramu ziondolewe mtandaoni. Nikafurahi pia kujua kwamba ile barua ya Kimarekani hata mswahili wa Manzese anaweza kuiandika, mradi kampuni inayohifadhi faili iko kule.

Nikaandika ya kwanza. Nilimwaga matusi yote ninayoyajua, kisha nikatuma. Jibu likarudi: eleza kazi ni ipi, onyesha kiungo kamili cha kila nakala, toa anwani yako. Mwenye haki au mwakilishi wake atie sahihi, athibitishe kwamba anaamini kwa dhati nakala haikuruhusiwa, na kwamba akidanganya kuhusu mamlaka yake atawajibika kisheria. Matusi hayakuhitajika.

Mzee akatoa mkataba wake na mwandishi kabatini, tukahakiki kwamba haki ni yake. Akavaa miwani, akasoma barua yangu ya pili neno kwa neno. Alipofika mahali pa kuthibitisha ukweli, moyo wangu ulishindwa. Mzee huyu anaweka jina lake rehani kwa ajili ya ukweli, nami nimekaa mbele yake na uongo wangu!

"Mzee, kile kidole ni changu."

Alinitazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuinuka.

"Ulilipwa kiasi gani?" akauliza. Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Kaa chini, tumalize barua."

Siku chache baadaye faili liliondolewa. Nikashangilia kama timu yangu imefunga. Wiki ya tatu likaibuka kwenye tovuti nyingine, na kidole changu kile kile. Hata wakubwa yanawakuta: Novemba 2022 serikali ya Marekani ilikamata anwani za maktaba haramu kubwa ya Z-Library, na Warusi wawili wakakamatwa Argentina, lakini miezi michache tu baadaye maktaba ilirudi hewani.

Sasa kila Jumamosi nakwenda kwa mzee. Tuna daftari lenye safu nne: kiungo, tarehe ya barua, jibu, tarehe ya kuondolewa. Halimalizi wizi, nakubali. Lakini tangu 1710 hakuna sheria iliyoamka yenyewe asubuhi ikaenda kumtafutia mwandishi kitabu chake. Husubiri mtu aje na jina lake na ushahidi wake, aseme: hiki ni changu.

Kwa hiyo wewe unayeandika, tunza mkataba wako, weka tarehe kwenye miswada yako, na jifunze kuandika barua hiyo bila matusi. Na wewe unayefanya kazi steshenari, mteja akikuletea riwaya nzima umskanie, mrudishie. Muswada wangu bado uko mezani kwa mzee. Jumamosi iliyopita niliona ameufungua ukurasa wa kwanza.