Kijana mwenye pumu: namna ya kumtunza nyumbani, shuleni na kanisani

Katika makusanyiko yetu tuna vijana wanaotoka katika kwaya katikati ya wimbo kwa sababu kifua kimebana. Watu husema ni uvivu, au wamerogwa. Mara nyingi ni pumu. Haiambukizi, na kijana anayetunzwa vizuri anasoma, anacheza na kuimba kama wenzake.

Pumu ni nini? Njia za hewa katika mapafu zinavimba na kuwa nyembamba. Kwa mwenye aleji, kinachoiamsha ni vumbi la nyumba, vijidudu vya godoro visivyoonekana kwa macho, mende, ukungu au manyoya ya paka. Moshi wa babula na vumbi la barabara huzidisha. Wakaaji wa Goma wanajua pia moshi wa Nyiragongo.

Nyumbani. Tupikie nje au mahali penye hewa. Tufue mashuka kila juma kwa maji ya moto, tupanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji, na mtu asivute tumbaku ndani.

Dawa. Ziko za aina mbili, zote za kuvuta kwa kinywa. Salbutamoli hufungua kifua upesi, lakini haiponyi uvimbe. Beklometasoni au budesonidi hupunguza uvimbe. Hutumiwa kila siku jinsi muganga alivyoandika, hata kijana akijisikia mzima, kisha anasukutua kinywa. Tangu 2019 wataalamu wa pumu wa kimataifa hawashauri tena kijana wa miaka 12 na zaidi atumie salbutamoli peke yake. Basi wazazi wamuulize muganga juu ya dawa ya uvimbe.

Akishikwa. Akae wima, wala asilazwe. Apewe salbutamoli mara nne, moja moja, kupitia chombo cha kuvutia. Chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini ili mdomo wa dawa uingie sawasawa, inaweza kusaidia. Ngojeni dakika nne, mrudie. Asipopata nafuu, au asipoweza kumaliza sentensi, mbavu zikivutwa ndani, midomo ikigeuka rangi, mpelekeni hospitali mara moja, mkiendelea kumpa dawa njiani.

Kijana mwenyewe. Umri huu una haya. Anaficha dawa, au anaiacha kwa sababu wenzake wanamcheka. Tusimgombeze, tumfundishe kuibeba mwenyewe, na mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya wajue inapokaa.

Neno kwa wachungaji. Kijana akiombewa na kifua kikatulia, tumshukuru Mungu, lakini tusimwambie atupe dawa. Uvimbe unaweza kubaki kimya, na shida ikarudi usiku wakati hospitali iko mbali. Tumwombee, na tumuulize pia: leo umevuta dawa yako?