Maneno ya Lawama Katika Kiingereza: Asili Yake na Funzo kwa Wafasiri

Mfasiri anapokutana na neno la Kiingereza linalomlaumu mtu kwa ubaya wa tabia, aghalabu hulichukua kuwa ni neno la maadili, akalitafutia Kiswahili chake papo hapo. Lakini maneno mengi ya namna hiyo hayakuzaliwa katika maadili. Yalizaliwa katika tabaka: yalikuwa majina ya watu wa hali ya chini, na baadaye yakageuzwa kuwa majina ya uovu. Makala haya yanakusudia kuueleza mgeuko huo kwa mifano michache, na kuonyesha kwa nini mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hawana budi kuujua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno "villain". Asili yake ni "villa" ya Kilatini, yaani nyumba ya shamba pamoja na ardhi yake. Na "villanus" alikuwa mtu wa shamba hilo. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na baadaye Mfalme William I akaamuru mali na watu wa nchi waandikwe. Katika daftari la mwaka 1086, lijulikanalo kama Domesday Book, watu wa kundi hili ndio waliokuwa wengi kuliko kundi lolote jingine: karibu wanne katika kila kumi walioandikwa. Hapana lawama katika hesabu hiyo. Neno lilitaja hali ya mtu kuhusu ardhi, basi. Katika karne zilizofuata sheria ilizidi kuwabana hata wakawa watwana, wasioweza kuhama bila idhini ya bwana, na waliolazimika kumlimia bila ujira. Mwaka 1381 wakulima waliasi, wakaingia London, wakamtaka Mfalme Richard II autangue utwana. Aliwaahidi, kisha akaivunja ahadi.

Lakini kalamu haikuwa mikononi mwa wakulima. Machoni pa mabwana, mtu wa shamba alikuwa duni wa nafsi kama alivyokuwa duni wa hali. Kwa hiyo jina lake likawa jina la kila tabia waliyoichukia. Utwana ulipokwisha, jina la mtwana lilibaki kuwa jina la mwovu. Siku hizi Kiingereza huandika "villein" katika historia na sheria, na "villain" katika hadithi na tamthilia: neno moja lililopasuliwa kwa tahajia.

Halikuwa peke yake. "Knave" alikuwa mvulana, kisha mtumishi, mwisho laghai. "Boor" alikuwa mkulima, akawa mtu asiye na adabu. "Lewd" alikuwa mtu yeyote asiye kasisi. Na kwa kuwa makasisi ndio waliosoma, neno likawa na maana ya mjinga, kisha mtu duni, na hatimaye mwasherati. "Naughty" alikuwa asiye na kitu, yaani fukara. Katika siku za Shakespeare lilikuwa lawama nzito ya uovu, na leo huonywa nalo mtoto mtundu. Maneno ya sifa nayo yalishuka kutoka juu: "generous" alikuwa mtu wa ukoo bora kabla ya kuwa mkarimu. Mwanachuoni C. S. Lewis aliujadili mwenendo huu katika kitabu chake Studies in Words cha mwaka 1960.

Hapa ndipo penye mtego. Anayefasiri "naughty" ya Shakespeare kwa neno "mtundu" amempunguzia mwovu hukumu yake. Na mwalimu wa historia anayemwita "villein" mwovu amewahukumu maelfu ya wakulima ambao kosa lao lilikuwa kuzaliwa katika unyonge.

Wala Kiswahili hakina haki ya kuwacheka Waingereza. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru kabla ya kuwa mtu mwenye adabu. Tena, mwaka 1972 Tanzania ilitangaza huko Iringa kwamba Siasa ni Kilimo. Hata hivyo mpaka leo anayetaka kumdharau mwenziwe humwita "mshamba". Safari ya "villain" ndiyo hiyo hiyo. Hata "bepari" lilitujia kutoka lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri The Merchant of Venice aliiita Mabepari wa Venisi. Nayo ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hata msomaji akaweza kusikia hukumu katika jina la kitabu. Safari hii lawama ilielekezwa juu, kwa sababu kalamu ilikuwa imebadili mikono.

Basi kabla ya kulifasiri neno la lawama, yafaa mfasiri ajiulize mambo mawili: limeandikwa mwaka gani, na ni nani aliyekuwa akimsema nani? Kamusi itampa maana, lakini haitamwambia daima kama anachokiandika ni hukumu ya haki au ni dharau ya zamani iliyovikwa joho la hakimu.