Mtoto wa ferme, shofere wa mashine: maisha ya Papa mmoja na historia ya barabara zetu



Katika gazeti letu tumeshakumbuka wakulima, walimu na wamama wa soko. Safari hii tunamkumbuka shofere wa mashine nzito, mwanachama wetu aliyetuacha mwaka huu. Jina lake hatuliandike. Familia iliomba hivyo, na kila mtu aliyeishi Bunia anajua sababu: huku jina linataja kabila kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Tutamwita Papa, sawa vile tulivyomwita kwenye mikutano.

Tunaandika maisha yake kwa kirefu sababu yanauliza swali ambalo shirika letu linakutana nalo kila wiki. Tunasema "kurudi". Lakini mtu aliyezaliwa kwenye ardhi ya mwingine, anarudi wapi?

Kambi ya wachungaji

Papa alizaliwa kabla ya uhuru, katika kambi ya wafanyakazi wa ferme moja ya ng'ombe, juu kwenye milima ya Djugu. Huko ni baridi, majani ni mazuri, na mbung'o hawafiki. Ndiyo sababu wazungu wa wakati wa Ubelgiji walijipatia huko mashamba makubwa ya mifugo, haya tunayoita konsesyo. Kule Nioka, upande wa Mahagi, serikali ya kikoloni iliweka kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC, ambacho leo ni INERA.

Baba yake alikuwa mchungaji. Mtoto alikua kati ya maziwa, kamba na dipu, lile shimo refu la maji yenye dawa ambamo ng'ombe wanaogeshwa ili kupe wafe. Alikuwa anasema ferme ilimfunza mambo mawili: kuamka mbele ya jua, na kusikiliza. "Ngombe ya mugonjwa inabadilisha pumuzi mbele ianguke. Na mashine ni vile vile." Hapo hapo kwenye ferme ndipo aliposhika usukani wa kwanza, wa trekta ya kuvuta majani.

Lakini kulikuwa pia na waya. Upande huu wa waya, ng'ombe. Upande ule, watu wa vijiji wakilima vipande vidogo na kusema kwamba yale malisho ni ardhi ya babu zao. Mwenye ferme alikuwa na karatasi. Wale wa kambini hawakuwa na hiki wala kile: ardhi haikuwa ya babu yao, karatasi haikuwa ya baba yao. Walikuwa na nyumba ya kazi tu. Kazi ikiisha, nyumba inaisha.

Mwaka wa karatasi

Mwaka 1973 ulibadilisha mambo mengi. Sheria ya tarehe 20 Julai ilisema ardhi yote ni ya Serikali, na mtu anaipata kwa konsesyo inayoandikwa kwenye cheti. Cheti kikishafikisha miaka 2 bila mtu kukipinga, hakuna anayeweza tena kukivunja kortini. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zinapewa Wazairi.

Huku Ituri, waliozipata ferme kwa wingi ni wale waliokuwa na masomo, pesa na watu wa kuwasemea kwa wakubwa. Mkulima wa kijijini hakujua kwamba cheti kinatengenezwa ofisini. Siku aliyojua, ile miaka 2 ilikuwa imeshapita. Wengi walibaki wakilima kwenye ardhi ambayo kwa karatasi ilikuwa ya mtu wasiyewahi kumwona.

Ferme ya Papa nayo ilipata mwenye mpya. Ng'ombe waliuzwa kidogo kidogo, trekta ikakosa vipuri, mishahara ikakatika. Papa, ambaye bado alikuwa kijana, alifunga godoro lake akashuka kutafuta kazi ya mashine.

Barabara ya dhahabu

Ili kuelewa kazi aliyoikuta, turudi nyuma kidogo. Dhahabu ya Kilo ilijulikana kwa wazungu mwaka 1903. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, na mwaka 1966 migodi ikawa mali ya Serikali. Mgodi unakula chakula, mafuta na vyuma kila siku. Mwanzoni mizigo hiyo ilibebwa kichwani na watu. Baadaye meli zilileta vitu kutoka Butiaba, Uganda, mpaka Kasenyi na Mahagi-Port, na malori yakapanda navyo mlimani. Upande wa magharibi, reli ya Vicicongo ilifika Mungbere mwaka 1937. Barabara za kuunganisha yote hayo zilichimbwa kwanza kwa jembe, na watu waliochimba wengi hawakuulizwa kama wanataka. Mashine zilikuja nyuma yao.

Papa alianza chini kabisa, boi-shofere: kupaka grisi, kusafisha filta, kulala chini ya mashine ili mtu asiibe mazuti. Kisha akapewa buldozeri, na miaka baadaye ile mashine ndefu ya kusawazisha yenye kisu katikati ya matairi, ambayo mashofere wenyewe wanaihesabu kuwa ngumu kuliko zote. Buldozeri inahitaji nguvu. Ile ya kusawazisha inahitaji mkono. Kisu kikilala vibaya kidogo, barabara nzima inaharibika.

Wengi wetu tunafikiri kutengeneza barabara ni kumwaga udongo. Papa alitufundisha kwamba barabara ya udongo ni kazi ya kuongoza maji. Katikati lazima iinuke kama mgongo wa ng'ombe, ili mvua iteremke pembeni. Pembeni lazima kuwe na mitaro, na mitaro lazima iwe na njia ya kutoka, vijia vya kutupa maji porini. Mahali kijito kinapokatiza, buse iwekwe chini, na ile buse isafishwe, sababu buse iliyoziba ni mbaya kuliko kukosa buse. Tena mvua ikinyesha, bariyeri ya mvua ifungwe, malori yangoje saa kadhaa mpaka udongo ukaze. Lori moja zito likipita kwenye tope linaacha mifereji miwili, na mvua inayofuata inaigeuza mashimo.

"Mashine inapita siku moja," alikuwa anasema, "maji inapita kila siku. Sasa nani mukubwa?"

Baba wa nyumba

Kwa kazi hiyo alioa, akazaa watoto tisa, akasomesha karibu wote mpaka mwisho wa sekondari. Mke wake alikuwa wa kabila lingine, na wakati ule hakuna aliyeona ajabu. Papa alikuwa anakaa kwenye kambi za barabara wiki nyingi, na Mama alilima mboga kando ya Bunia. Mwisho wa mwezi, Papa alipanda lori lolote la kuja mjini na kuweka pesa yote mezani mbele ya Mama. Yeye mwenyewe alibaki na ya tumbaku. Watoto wake wanakumbuka kwamba hakuwapiga kwa sababu ya sahani iliyovunjika, lakini ukiacha chombo cha kazi kwenye mvua, hapo utamjua. Miezi ambayo mshahara haukuja, na ilikuwa mingi kwenye miaka ya 1990, alitengeneza vinu vya kusaga vya majirani akalipwa kwa unga.

Vita vya waya

Mwezi Juni 1999, vita vilianza Walendu Pitsi, teritwari ya Djugu. Cheche ilitoka kwenye konsesyo: wenye vyeti walitaka kupanua mipaka, wakulima wakaona wanafukuzwa. Papa hakushangaa. Ule waya aliuona tangu utoto. Lakini ugomvi wa waya peke yake haukutosha kuchoma mkoa mzima. Kulikuwa na jeshi la Uganda, kulikuwa na makundi ya waasi yanayogombania Bunia, kulikuwa na dhahabu, na wanasiasa waliogawa silaha kwa vijana. Kufikia mwaka 2003, mashirika ya haki za binadamu yalihesabu zaidi ya watu 50,000 waliokufa.

Mwezi Mei 2003 Waganda waliondoka na Bunia ikawaka. Watu maelfu walijibanza karibu na uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa, mpaka askari wa operesheni Artemis, chini ya Ufaransa, walipofika mwezi Juni. Wengine maelfu walishika njia ya kusini kwa mguu: Komanda, Eringeti, Beni. Papa na familia walikuwa kati ya hao.

Hii ndiyo barabara aliyoisawazisha kwa mikono yake. Hakuweza kuikanyaga. Kila mahali kulikuwa na bariyeri, na kwenye bariyeri wanauliza lugha ya mama yako. Katika nyumba yenye kabila mbili, jibu lolote lingeweza kumuua mmoja. Basi walipita porini, usiku, wakiiacha barabara mkono wa kushoto na kuifuata kwa sauti. Karibu na Eringeti mtoto wa saba, msichana wa miaka minne, alishikwa na homa na hakupona. Walimzika pale. Papa alikuwa na desturi ya kuhesabu watoto wake mezani, na mpaka uzee wake alihesabu tisa.

Kijiji chako ni gani?

Walirudi Bunia miaka 2 baadaye, wakati wa kunyang'anya makundi silaha. Nyumba yao ilikuwa na watu wengine ndani. Mashine aliyokuwa akiendesha ilibaki chuma tupu, injini imebebwa.

Siku moja kukaandikwa orodha ya waliorudi, kwa ajili ya mbegu na kiwanja. Kwenye karatasi kulikuwa na mahali pa kujaza kijiji cha asili. Papa alisema: "Andika ferme." Mwandishi akajibu ferme si kijiji, alete barua ya chifu. Chifu gani? Wa upande wa waya aliokuwa anauangalia akiwa mtoto? Hao hawakumjua. Mwenye cheti alikuwa mbali, na kwake Papa alikuwa mtoto wa mfanyakazi. Hakupata kitu.

Hatuandiki hii ili kulaumu mtu. Tunaandika sababu Papa hakuwa peke yake. Ituri iko na watu wengi waliozaliwa kwenye kambi za ferme na kambi za migodi. Mazungumzo ya ardhi yakifanyika, wanaitwa watu wawili: mwenye cheti na mwenye ardhi ya mababu. Huyu wa tatu, aliyekamua maziwa na kuchimba mitaro, haitwi. Na anayekosa mahali kwenye orodha ya amani ni rahisi kumwandika kwenye orodha ya vita. Vijana wa kambi walichukuliwa na makundi mengi sababu hiyo.

Papa alijijengea mahali kwa kazi. Barabara zilipoanza kufunguliwa tena, aliajiriwa kwa siku, akiwa na nywele nyeupe, kukaa pembeni ya vijana wenye usukani na kuwaambia: inua kidogo, shusha kidogo. Vijana aliowafundisha walikuwa wa makabila yote. Hakuwahi kuhubiri umoja. Alisema tu kwamba mtaro ukianza kwa Wahema na kukatika ukifika kwa Walendu, maji yatarudi kwa wote wawili.

Kazi inayobaki

Tangu mwisho wa 2017 milima ya Djugu imewaka tena, na mwanzo wa 2018 watu maelfu kumi kumi walivuka ziwa kwenda Uganda. Barabara ya Iga-Barrière, Fataki mpaka Mahagi imefungwa na kufunguliwa mara hatujui ngapi. Barabara ikifungwa, mama mwenye uchungu wa kuzaa hafiki hospitali, na bei ya chumvi inapanda. Ikifunguliwa, watu wanaanza kurudi mbele hata ya tangazo lolote. Hii tunaiona kila msimu kwenye kazi yetu.

Kwa hiyo tunakumbuka Papa kwa mambo matatu ya kufanya.

Kwanza, katika vitabu vya shirika letu, aliyezaliwa kwenye kambi ya ferme au ya mgodi ataandikwa vile alivyo. Ushuhuda wa majirani watatu unatosha. Barua ya chifu haitakuwa mlango wa peke yake. Tunaomba marafiki wanaotusaidia wakubali orodha hiyo pia.

Pili, salongo ya Jumamosi iendelee, na ianzie kwenye mitaro na buse mbele ya kugusa mashimo. Shimo ni ugonjwa unaoonekana. Maji ndiyo chanzo chake. Majembe, koleo na toroli bado hazitoshi. Msaada wa vyombo unatufaa kuliko msaada wa fulana zenye maandishi.

Tatu, vijana wapate ufundi wa mashine nzito. Papa alifundisha kwa mdomo, na mdomo wake umenyamaza. Waliojifunza kwake bado wako, na wamekubali kupokea vijana wawili wawili, wasichana pamoja, kila mara kazi ya barabara inapofunguliwa karibu na mji.

Mama bado analima mboga zake. Anashukuru kwa mchango wa kilio, na anawaambia wanachama kwamba sanduku la vyombo vya Papa liko nyumbani, limepakwa mafuta, halikuguswa na mvua. Kijana atakayeanza mafunzo na aje alichukue.