Betri za lori kwenye foleni ya mpakani

Lori kubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Kwenye foleni ndefu kama ya Tunduma, redio, taa na friji ya kabini huzimaliza injini ikiwa imezimwa. Zamu yako ikifika, gari haliwaki.

Pima kila betri peke yake, injini ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 ichajiwe haraka. Injini ikiwaka, zote pamoja zisome karibu 28. Zikibaki 24 au 25, kagua mkanda na altaneta.

Redio ya volti 12 isiunganishwe kwenye betri moja. Hiyo itachoka mapema na kuiharibu nyingine. Badilisha zote mbili pamoja.