Mbwa Asiyebweka

Mtu atakaye mbwa wa kufuga nyumbani aghalabu hutazama umbo kwanza: masikio, mkia, rangi ya manyoya. Ni mara chache aulizapo mbwa huyo alichaguliwa kwa kazi gani, na kwa maisha ya namna gani. Historia ya mbwa mmoja wa misitu ya Kongo yatuonyesha jinsi swali hilo lilivyosahauliwa.

Mbwa huyu ni mdogo. Kimo chake begani hupata kama sentimita 40. Masikio yake husimama, mkia hujikunja mgongoni kama pete, na paji la uso lina makunyanzi, kana kwamba daima ana jambo la kufikiri. Tena habweki. Si bubu, maana hunguruma na kulia, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka iliyo karibu na wimbo. Lakini kelele za mbwa wa mlangoni hana.

Watu wa Kongo na Sudan ya kusini wamekuwa na mbwa wa namna hii tangu kale. Msafiri Georg Schweinfurth, aliyepita katika nchi ya Wazande kati ya mwaka 1868 na 1871, aliwakuta wamefungwa kengele za mti shingoni. Kengele hizo hazikuwa pambo. Mbwa asiyebweka akiingia katika majani marefu hupotea machoni na masikioni pia. Kengele ndiyo imwambiayo bwana wake aliko, na mlio wake huwatoa wanyama mafichoni hata wakakimbilia nyavu au mikuki. Mbwa wa kungoja amri angemfaa nini mwindaji asiyeweza hata kumwona? Alitaka mbwa mwepesi, asiyechoka, akataye shauri mwenyewe na kufuata kila kikimbiacho. Basi mbwa alichaguliwa hivyo, kizazi baada ya kizazi, bila daftari wala hati.

Uingereza uchaguzi ulikuwa umeshika njia nyingine. Mwaka 1859 yalifanywa maonyesho ya mbwa mjini Newcastle, na mwaka 1873 chama cha Kennel Club kikaundwa, kikaandika nasaba za mbwa. Mwaka 1895 mbwa wa Kongo walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts. Muda si mrefu wakafa kwa maradhi ya kuambukiza ambayo miili yao haikuyazoea. Sita walioletwa kutoka Sudan na Lady Helen Nutting mwaka 1923 wakafa pia. Hatimaye Bibi Olivia Burn alifaulu, na katika Crufts ya mwaka 1937 watu walisongamana kumtazama mbwa wa Afrika asiyebweka.

Waliitwa Basenji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua jina hilo: ni neno letu la pwani, washenzi, lililobebwa na misafara hadi Kongo, likavikwa kiambishi cha huko. Wawindaji waliomchagua mbwa huyu kwa akili nyingi hawakutajwa katika daftari za London. Walichopewa ni tusi, na hilo nalo akapewa mbwa.

Wanunuzi walipenda kimya chake. Tena ni msafi, hujilamba kama paka, wala hanuki. Nani asingemtaka katika nyumba ya mjini? Walakini kimya hakikuja peke yake. Kilikuja pamoja na miguu ya kukimbia mchana kutwa, na moyo usiongoja amri. Akifungiwa chumbani peke yake, hutafuna viti na mapazia. Akifunguliwa, humfukuza paka hadi barabarani, na bwana wake aite hata akauke koo. Wenye nyumba humwita mkaidi. Msituni ukaidi huo ndio uliokuwa kazi yake.

Ilikuwapo na hasara nyingine, ambayo haikuonekana upesi. Mbwa waliofika ng'ambo wakaishi walikuwa wachache, na wazao wao wakapandana wao kwa wao. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alikwenda Sudan ya kusini kutafuta damu mpya, akarudi na jike aliyeitwa Fula. Hakutosha. Baadaye yalienea maradhi ya figo, ambayo humfanya mbwa apoteze sukari na chumvi za mwili katika mkojo hata akadhoofika na kufa. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, wakatafuta mbwa vijijini. Mwaka 1990 chama chao kikafungua tena daftari la nasaba lililokuwa limefungwa, ili mbwa hao waandikwe. Hawakuwa na hati yoyote ya ukoo. Walikuwa wametoka mikononi mwa wanavijiji.